Pampu mbili, fezi moja: "matukio huru" ni yapi hasa?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, uhandisi mitambo. Kwenye jaribio la katikati ya muhula tuliulizwa hivi: kituo cha maji kina pampu mbili, na kila moja ina uwezekano wa 0.05 kuharibika ndani ya mwaka. Tafuta uwezekano wa zote mbili kuharibika. Nilijibu 0.0025 nikapewa alama zote. Likizo nikaenda mafunzo kwa vitendo kwenye mradi wa maji. Wiki ya tatu, pampu zote mbili zikaungua usiku mmoja. Asubuhi ikaonekana fyuzi moja kwenye transfoma ya mtaani imekatika. Nilipomwambia fundi kwamba kwa hesabu jambo hilo hutokea mara moja katika miaka 400 alicheka sana, akasema, "Bwana mdogo, hizo zinakula sahani moja." Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja anasema hesabu yangu ni sahihi: pampu mbili tofauti ni kama pande mbili za shilingi, na kwa hiyo ni matukio huru. Mimi nasema kanuni yenyewe ya kuzidisha ndiyo ya uongo. Tumewekeana soda. Nani yuko sahihi?

Jibu

Marahaba, kijana. Nianze na soda, maana najua ndiyo inayowawasha: hakuna aliyeshinda. Kanuni si ya uongo, ila wewe ulizidisha kabla hujaruhusiwa. Mwenzako naye ametaja mnyama mwingine kabisa. Aliyepatia ni fundi, isipokuwa hakutia namba kwenye sentensi yake. Basi tumtilie.

Turudi kwanza kwenye mtihani. Ulipewa 0.05 na 0.05, basi. Kwa taarifa hizo peke yake, uwezekano wa pampu zote mbili kuharibika haujulikani. Unaweza kuwa 0, kama kwa sababu yoyote ile kuharibika kwa moja kunaikinga nyingine. Unaweza kuwa 0.05 kamili, kama kila inapoanguka moja na mwenzake huanguka nayo. Na unaweza kuwa namba yoyote katikati ya hizo mbili. Ile 0.0025 ni nukta moja ndani ya masafa hayo, na ili uichague hiyo uache nyingine zote, lazima mtu akupe habari ya ziada: kwamba pampu hizi hazihusiani. Mtungaji wa swali alipaswa kuiandika. Hakuiandika, ukamjazia wewe, naye akakupa alama. Mlielewana kimyakimya, na mitihani mingi ya somo hili huenda hivyo, mpaka mwanafunzi anamaliza miaka minne akidhani kwamba neno "na" maana yake ni "zidisha".

Namba inayoamua kila kitu hapa huandikwa P(B|A). P ni uwezekano; kwetu A ni pampu ya kwanza kuharibika, na B ni ya pili kuharibika. Isome hivi: uwezekano wa B kutokea, ukishajua kwamba A limetokea. Na kanuni ya kuzidisha isiyohitaji sharti lolote ni hii:

P(A na B) = P(A) × P(B|A)

Hiyo ndiyo mama. Ile uliyoitumia wewe, P(A) × P(B), ni mtoto wake mmoja, na huzaliwa pale tu P(B|A) inapokuwa sawa na P(B).

Sasa chukua karatasi uchore mstari. Kushoto andika 0, kulia andika 1. Weka alama ya P(B), kwetu 0.05, karibu sana na mwisho wa kushoto. Kisha jiulize: nikiletewa habari kwamba A limetokea, P(B|A) inasimama wapi kwenye mstari huu? Ikibaki palepale kwenye 0.05, matukio ni huru, kwa maana kwamba habari za A hazikukuongezea wala kukupunguzia kitu kuhusu B. Ikirudi nyuma hadi 0, matukio hayawezi kutokea pamoja. Ikipanda kuelekea 1, yanaburutana. Ni mstari mmoja tu, na ugomvi wenu wa chumbani wote uko juu yake.

Mwenzako amechukua sehemu mbili tofauti za mstari huo akaziita jina moja. Shilingi ya zamani ilikuwa na kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili. Ukiirusha mara moja, kichwa na mwenge haviwezi kuja pamoja. Nikikwambia kimekuja kichwa, huna haja ya kuuliza habari za mwenge. Uwezekano wake ulikuwa 0.5 na sasa umeanguka hadi 0. Huo si uhuru hata kidogo. Ni utegemezi wa kupindukia, maana habari moja imefuta nyingine yote. Uhuru ungeupata kama ungeirusha mara mbili: kichwa mara ya kwanza hakikwambii lolote kuhusu mwenge mara ya pili. Kwa hiyo matukio mawili ambayo kila moja lina uwezekano zaidi ya sifuri hayawezi kuwa huru na papo hapo yawe hayawezi kutokea pamoja. Jaribu kuvunja sentensi hiyo kwa hesabu, utaona P(A) × P(B) haikubali kuwa 0.

Nadhani kinachowaponza wengi ni neno lenyewe. Tukisikia "huru" tunawaza vitu vilivyotengana, kila kimoja na kwake. Na kwenye mchoro wa duara mbili, matukio yasiyotokea pamoja ndiyo yanayoonekana yametengana. Uhuru hauonekani kwenye mchoro wa duara. Lazima upigwe hesabu, na wakati mwingine hesabu inakushangaza. Chukua dadu mbili. Acha A iwe "dadu ya kwanza imetoa namba shufwa". Acha B iwe "jumla ya dadu mbili ni 7". Ukiulizwa kama A na B vinahusiana, kinywa kitasema ndiyo, kwa sababu dadu ya kwanza imo ndani ya jumla. Hesabu. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36, yaani 1/6. Ukishajua dadu ya kwanza ni shufwa, zimebaki njia 18, na zinazotoa 7 ni 3: 2 na 5, 4 na 3, 6 na 1. Tatu kwa kumi na nane ni 1/6 ileile. Ni huru. Sasa badilisha 7 iwe 8. Njia ni 5 kati ya 36, karibu 0.139. Ukishajua dadu ya kwanza ni shufwa: 2 na 6, 4 na 4, 6 na 2, yaani 3 kati ya 18, karibu 0.167. Si huru tena. Dadu ni zilezile, umebadilisha namba moja tu.

Abraham de Moivre, Mfaransa aliyeishi London karne ya 18 akifundisha hesabu ili apate chakula, alishaueleza uhuru wa matukio kwa maneno ya kawaida: kutokea kwa moja hakulisukumi mbele jingine wala hakulizuii. Andrey Kolmogorov alipoweka misingi ya somo hili mwaka 1933, uhuru haukuwa miongoni mwa misingi hiyo. Aliuleta baadaye kama fasili. Maana yake kwako mhandisi ni kwamba hesabu haikupi uhuru bure. Unauleta wewe kutoka nje, kutoka kwenye chumba cha pampu, na ukiuleta kimakosa hesabu itaupokea bila kulalamika na kukurudishia jibu lenye desimali nne.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuleta kimakosa. Nilipokuwa mhandisi mchanga niliandika ripoti ya jenereta mbili za kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Moja ya kazi, moja ya akiba, kila moja na rekodi nzuri ya kuwaka. Nikazidisha, nikapata sifuri kadhaa baada ya nukta, nikapiga mstari mwekundu chini ya jibu kama mtu aliyevumbua kitu. Miezi michache baadaye umeme ulikatika. Jenereta ya kwanza ikawaka, ikakohoa, ikazima. Ya pili ikawaka, ikakohoa, ikazima. Zote mbili zilikuwa zinavuta dizeli kwenye tangi moja, na tangi lilikuwa limeingia maji. Siku niliyokwenda kukagua nilipita pembeni ya tangi lile. Halikuingia kwenye hesabu yangu kwa sababu hakuna aliyenipa namba yake ya kuharibika. Lilikuwa tangi tu.

Watu wa ndege wana tukio ambalo mimi hulifundishia kila mwaka. Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 855, aina ya Lockheed L-1011, iliruka kutoka Miami kwenda Nassau, Bahamas, ikiwa na watu 172. Ndege ile ina injini tatu. Njiani, shinikizo la oili kwenye injini ya mkiani likashuka. Marubani wakaizima na kugeuza kurudi Miami. Kisha geji za injini mbili zilizobaki nazo zikaonyesha oili inaisha. Marubani wakaona hilo halina mantiki. Injini tatu, kila moja na oili yake, zikaukiwe kwa pamoja? Lazima geji ndizo mbovu. Hazikuwa mbovu. Injini ya kulia ikazima, halafu ya kushoto, na ndege ikawa inashuka juu ya bahari bila injini hata moja, mpaka walipofanikiwa kuiwasha tena ile ya mkiani kwenye kimo cha futi 4,000 hivi. Wakatua kwa hiyo hiyo moja. Hakufa mtu.

Kilichotokea ni hiki. Kabla ya safari, mafundi walibadilisha kwenye kila injini kifaa kidogo chenye sumaku kinachonasa chembe za chuma kwenye oili. Kifaa hicho hukaa na oringi, yaani pete ya kuzibia, ili oili isivuje. Vile vipya havikuwa na oringi, na mafundi hawakuangalia kwa sababu walizoea kuvipokea vikiwa tayari navyo. Kazi ileile, usiku uleule, kosa lilelile, mara tatu. Angalia sasa hoja ya marubani: walizidisha kichwani. Namba ndogo mara namba ndogo mara namba ndogo, kwa hiyo haiwezekani, kwa hiyo geji. Ni hoja yako ya miaka 400, ila wao walikuwa angani. Na ndiyo maana baada ya hapo nikiulizwa vifaa viwili vinashirikiana nini, sianzi na nyaya na mabomba. Naanza na fundi aliyevigusa na siku aliyovigusa, halafu boksi vilimotoka. Mafuta na umeme vinakuja nyuma.

Basi tuje kwenye sahani ya fundi wako. Mota ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, ikikosa fezi moja (kama fyuzi yenu ilivyokata waya mmoja) ikiwa inazunguka, kwa kawaida haisimami pale pale. Inaendelea kuhangaika kwa fezi mbili, inavuta ampea nyingi, inachemka, na kama haina kinga inayofanya kazi, koili zake zinaungua. Ile ya akiba ikijiwasha kuchukua zamu inakuta fezi zilezile mbili. Hiyo haiwezi hata kuanza kuzunguka. Inanguruma tu mahali pamoja mpaka na yenyewe inaungua. Ninapata picha nzuri ya usiku ule wenu.

Tuseme uwezekano wa fezi kukatika kwa namna hiyo ni 0.02 kwa mwaka. Namba hiyo nimeitunga kwa ajili ya mfano, usiipeleke kwa mtu. Tuseme pia kwamba ikikatika, pampu zote mbili zinaungua bila shaka. Kila pampu bado ina jumla ya 0.05, kama swali lilivyosema, kwa hiyo katika 0.05 hiyo, 0.02 imeshaliwa na fezi na 0.03 imebaki kwa mambo yake yenyewe: beringi, sili, mchanga. Mwaka ambao fezi haikukatika una uwezekano wa 0.98, kwa hiyo ndani ya mwaka wa namna hiyo kila pampu inaharibika kwa 0.03 ÷ 0.98, karibu 0.0306. Na hapa sasa, ndani ya mwaka ambao fezi zote ni nzima, nina haki ya kusema pampu ni huru, kwa sababu kile kilichokuwa kinaziunganisha nimekiweka pembeni na kukihesabu peke yake. Kwa hiyo:

P(zote mbili) = 0.02 + 0.98 × 0.0306 × 0.0306

Sehemu ya pili ni karibu 0.0009. Jumla ni karibu 0.0209. Linganisha na 0.0025 yako: imepanda zaidi ya mara nane. Badala ya mara moja katika miaka 400, ni mara moja katika miaka 48 hivi. Na P(B|A), ile ya kwenye mstari, ni 0.0209 ÷ 0.05, karibu 0.42. Yaani ukipigiwa simu kwamba pampu ya kwanza imeungua, uwezekano wa ya pili haubaki 0.05. Unaruka hadi 0.42 kabla hujavaa viatu.

Mbinu hiyo, ya kugawa mwaka katika hali na kuzidisha ndani ya kila hali, ndiyo ningependa uibebe kutoka kwenye jibu hili. Tafuta kwanza kinachoziunganisha. Kipe uwezekano wake. Kikiwa kimetokea, hesabu, kikiwa hakikutokea, hesabu, jumlisha. Uhuru mara nyingi haupo kwa ujumla lakini unapatikana ukishaweka sharti.

Kuna jambo ulilipita kwenye barua yako. Ile 0.0025 ni uwezekano wa zote mbili kuharibika ndani ya mwaka mmoja, hata kama moja ni Januari na nyingine Oktoba. Zenu ziliungua usiku mmoja. Kama zingekuwa huru kweli, na kila usiku una nafasi sawa, ungegawanya tena kwa 365 na kupata karibu 0.0000068, yaani mara moja katika miaka 146,000. Umekaa hapo wiki tatu. Kwa namba zangu za mfano, njia ya fezi ina nafasi karibu mara 3,000 zaidi ya njia ya bahati mbaya mbili. Ndiyo maana fundi hakuhitaji kikokotoo. Vitu viwili vikifa kwa wakati mmoja, wakati wenyewe ni ushahidi.

Sasa jambo ambalo wahandisi hulipia pesa nyingi kwa kutolijua. Chukulia bodi ya maji, baada ya usiku ule, inanunua pampu ya tatu na kuifunga kwenye ubao uleule wa umeme. Mwenye kuzidisha atafurahi: 0.05 × 0.05 × 0.05, ni 0.000125. Hesabu yetu inasema 0.02 + 0.98 × 0.0306³, karibu 0.0200. Tumetoka 0.0209 tukafika 0.0200. Leta ya nne, leta ya kumi. Hautashuka chini ya 0.02, maana hiyo 0.02 ni sakafu, na sakafu haijali una pampu ngapi juu yake. Badala yake chukua pampu zenu mbili zilezile, funga rilei inayozima mota fezi moja ikikosekana, na tuseme inapunguza ile 0.02 iwe 0.002. Jibu linakuwa karibu 0.0029. Kwa bei isiyolingana hata kidogo na ya pampu, umepata kitu ambacho pampu kumi zisingekupa. Ikiwa rilei tayari ipo na mtu ameiruka kwa kipande cha waya kwa sababu "inasumbua", na hilo nimeliona zaidi ya mara moja, basi hesabu inarudi palepale tulipoanzia.

Wahandisi wa vinu vya nyuklia walianza miaka ya 1970 kuipa sehemu hii ya pamoja jina lake, beta: katika kuharibika kote kwa kifaa, ni sehemu gani inatokana na sababu inayovikumba vyote? Kwetu ni 0.02 ÷ 0.05, yaani 0.4, ambayo ni kubwa mno; kwenye mitambo iliyosanifiwa vizuri hutumika namba kama 0.1 na chini ya hapo. Lakini hata wao sakafu iliwahi kuwaponyoka. Kule Fukushima Daiichi, Japani, tarehe 11 Machi 2011, vinu sita vilikuwa na jenereta 13 za dharura za dizeli. Tetemeko la ardhi lilikata umeme wa gridi, jenereta zikawaka kama zilivyosanifiwa, halafu maji ya tsunami yakaja. Iliyobaki inatoa umeme ilikuwa moja tu, ya kinu namba 6, inayopozwa kwa hewa. Nyingi zilikuwa chini, kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Wengine husahau kwamba baadhi ya jenereta zenyewe hazikuzama. Zilizozama ni mbao za kusambazia umeme wake. Sahani moja.

Nimesema sababu ya pamoja tu mpaka sasa, lakini kuna njia ya pili ya kuburutana, ambayo mwanafunzi wa mitambo ataikuta kila mahali: mzigo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya, akadondokea kwenye transfoma, ikajizima. Mashine nyingine za kituo zikalemewa na mzigo zikajizima pia, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili alipona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori.) Pale hapakuwa na tumbili wa kila mashine. Ya kwanza ilipoondoka iliwaachia wenzake mzigo wake, na uwezekano wa wao kuanguka ukapanda kwa sababu hiyo hiyo. Boliti nne zinazoshika flenji hufanya hivyohivyo, na kamba za winchi pia. P(B|A) hapa ni kubwa kuliko P(B), na P ya C, mashine ya tatu, ukishajua A na B zimekwenda ni kubwa zaidi, kwa hiyo kila hatua ya kuzidisha inatumia namba mpya. Usirudie ileile.

Mabwawa yetu ya umeme hapa Tanzania nayo usiyazidishe kana kwamba ni huru. Mtera na Kidatu yako kwenye Ruaha Mkuu. Maji yaliyozungusha mashine za Mtera ndiyo yanayoteremka kuzungusha za Kidatu. Megawati 80 na 204 kwenye karatasi, lakini mto ni mmoja. Kihansi ina mto wake, ila bado ni bonde la Rufiji, na ukame hauulizi jina la mto.

Utaniuliza, nitajuaje basi kama vitu viwili ni huru? Mara nyingi kwa kuvitazama, kama nilivyopaswa kulitazama tangi. Lakini ukiwa na daftari la zamu unaweza pia kuhesabu. Tuseme mna kumbukumbu za miezi 120. Pampu A ilisimama katika miezi 12, pampu B katika miezi 10. Kama ni huru, miezi ambayo zote mbili zilisimama inatarajiwa kuwa 120 × 12/120 × 10/120, yaani mwezi 1. Ukihesabu ukakuta 5, basi P(B|A) kwa daftari ni 5 kati ya 12, karibu 0.42, wakati B kwa jumla ni 10 kati ya 120, karibu 0.08. Kwenye mstari wako alama imetembea mbali sana. Ukikuta 2 badala ya 1, tulia; kwa namba ndogo hivyo bahati tu inaweza kukuletea 2. Na angalia mwandishi wa daftari: wengine huandika "pampu" bila kusema ipi.

Kuhusu mtihani, usiende kudai alama wala kuzirudisha. Swali kama lile likija tena, andika mstari mmoja juu ya hesabu yako: "Nachukulia kuharibika kwa pampu ni matukio huru." Kisha zidisha kwa amani. Mstari huo hauna alama, ila siku utakapokuwa unaandika ripoti utajikuta umeuandika, umeusoma, na umeinuka kwenda kuangalia umeme unatoka wapi.

Na kama bado uko mradini, muombe fundi daftari. Nataka kujua kama kuna usiku mwingine pampu zote mbili zilisimama, na kama usiku huo mtaa ulikuwa na fezi zote tatu.